Mbwa Anayetapika Alfajiri: Tusikimbilie Kumlaumu Jirani

Hotuba iliyotolewa mbele ya vikundi vya wafugaji baada ya ibada, na kuandikwa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.



Tumezoea kukutana mahali hapa kuzungumza juu ya ng'ombe wa maziwa, mbuzi na kuku. Leo tumeombwa tuzungumze juu ya mbwa. Jambo hili lilipotangazwa Jumapili iliyopita tulisikia watu wakicheka huko nyuma, na mmoja akasema, "Ati mbwa naye anahitaji hotuba? Mbwa ni mbwa tu!" Hatukukasirika. Lakini mwenye kusema hivyo angoje usiku ule ambao ng'ombe wake watafunguliwa zizini na mbwa asibweke. Hapo ndipo atakapojua kama mbwa ni mbwa tu.

Kitabu cha Mithali, sura ya 12, kinatufundisha kwamba mtu wa haki hujulikana hata kwa jinsi anavyomtunza mnyama wake. Hakikusema ng'ombe peke yake. Kwa hiyo hebu tusikilizane.

NYUMBA MBILI ZISIZOSALIMIANA

Habari yenyewe ilianza hivi. Katika ushirika wetu wa nyumbani kuna mzee mmoja, hatutamtaja jina, na yeye mwenyewe ametupa ruhusa ya kusimulia. Mzee huyu ana mbwa wa miaka minne hivi anayeitwa Simba. Ikafika wakati, kila alfajiri kama saa kumi na moja, kabla ya watu kuamka kukamua, Simba anasimama karibu na zizi, anakaza tumbo, anakohoa-kohoa, kisha anatapika povu la manjano. Chakula hakuna, ni povu na maji ya manjano tu. Baada ya hapo anajilamba, anatikisa mkia, anaenda zake. Kesho yake, hivyo hivyo.

Mzee akatazama ile rangi ya manjano akasema, "Hii ni sumu." Na kama ni sumu, basi kuna aliyeiweka. Nani? Hakufikiri mara mbili. Ng'ambo ya ua kuna jirani ambaye walikuwa wamegombana naye kwa sababu ya mbuzi walioingia kwenye mahindi. Asubuhi moja maneno yakatoka. Jirani naye akajibu kwa ukali. Tangu siku hiyo wake zao hawakwenda tena kuchota maji pamoja, watoto wakakatazwa kucheza, na ushirika uliokuwa ukikutana kwa zamu katika nyumba hizo mbili ukakwama. Yote hayo, ndugu zangu, kwa sababu ya matapishi ya mbwa.

Mchungaji akatutuma sisi wa kamati ya mifugo twende tusikilize. Tulikwenda tukiwa tumejitayarisha kusuluhisha kesi. Lakini mmoja wetu, ambaye amesomea afya ya wanyama, hakuuliza habari za mbuzi wala za ua. Aliuliza swali moja tu: "Mzee, Simba hula saa ngapi?"

Mzee akajibu, "Saa tisa mchana, watoto wakitoka shule. Anapewa makombo ya chakula cha mchana."

"Na baada ya hapo?"

"Mpaka kesho, saa tisa."

"Usiku hapewi kitu?"

Mzee akacheka. "Mbwa akishiba usiku si atalala? Nani atalinda?"

Hebu tuhesabu pamoja. Kutoka saa tisa mchana mpaka saa kumi na moja alfajiri ni saa 14. Tumbo la Simba lilikuwa tupu kwa muda mrefu, na asubuhi lilikuwa likimwambia bwana wake hivyo kwa lugha ya pekee linayoijua.

POVU LA MANJANO NI NINI?

Kila mmoja wetu aliyewahi kuchinja mbuzi anaijua nyongo. Ni kile kifuko kidogo cha kijani kilichoshikana na ini, na ukikipasua kwa bahati mbaya nyama yote inakuwa chungu. Mbwa naye anacho. Ini hutengeneza nyongo, nyongo huwekwa katika kile kifuko, halafu humiminwa ndani ya utumbo mdogo ili isaidie kusaga mafuta yaliyomo katika chakula.

Tumbo likikaa tupu kwa muda mrefu, nyongo hiyo inaweza kurudi nyuma kutoka utumboni na kuingia katika mfuko wa tumbo. Haikukusudiwa kukaa huko. Inawasha na kuchoma, hasa kwa sababu hakuna chakula cha kuipunguza ukali, na mwisho mbwa anaitapika. Ndiyo sababu matapishi yanakuwa povu la manjano, au manjano yenye ukijani. Na ndiyo sababu hutokea alfajiri au usiku wa manane, maana huo ndio wakati ambao mbwa amekaa na njaa kwa muda mrefu zaidi.

Mbwa wa namna hii ana dalili zake. Ni mkubwa, si mtoto. Hutapika mara moja, pengine mara mbili, karibu saa ile ile. Akishamaliza anachangamka, anataka kula, anakunywa maji, na kinyesi chake ni cha kawaida. Hakondi. Mkiona hivyo, jambo la kwanza kuchunguza ni saa za kula.

TULIVYOMSAIDIA SIMBA

Dawa ya Simba haikununuliwa dukani. Tulimwomba mzee asiongeze chakula, bali akigawe. Chakula kile kile cha siku kikagawanywa mara tatu: kidogo asubuhi baada ya kukamua, kidogo mchana, na fungu la mwisho saa nne usiku, wakati nyumba inafunga milango. Kutoka saa nne usiku mpaka saa kumi na moja ni saa saba tu, na hata ikifika saa kumi na mbili asubuhi ni saa nane. Tumbo halipati nafasi ya kukaa tupu usiku kucha.

Chakula cha usiku kiwe chepesi: ugali mlaini uliochanganywa na omena zilizochemshwa, au wali na vipande vya nyama isiyo na mafuta, au uji mzito wenye maziwa kidogo kama mbwa wako hasumbuliwi na maziwa, maana wengine huharisha. Msitie pilipili wala vitunguu. Vitunguu huharibu damu ya mbwa, viwe vibichi au vimepikwa.

Sasa tuseme neno juu ya ile imani kwamba mbwa akishiba halindi. Imani hii imeenea sana huku kwetu, na imewatesa mbwa wengi. Mbwa halindi kwa njaa. Hulinda kwa masikio, kwa pua, na kwa sababu anajua hapa ni kwao. Mwenye njaa ndiye anayetoka usiku kutafuta chakula, akaacha boma peke yake, akaenda kula mayai ya watu. Na mwizi akija na kipande cha nyama chenye sumu akirushe juu ya ua, ni mbwa yupi atakayekirukia kwanza? Ni yule ambaye hajala tangu saa tisa mchana. Kwa hiyo, ndugu zangu, anayemnyima mbwa wake chakula cha usiku anamrahisishia mwizi kazi.

Siku za kwanza Simba alitapika tena mara mbili. Tulimwambia mzee asikate tamaa. Wiki ya pili ikaisha bila povu lolote.

KOSA LETU WENYEWE

Kama hotuba hii ingeishia hapo, tungetoka tukijisifu. Lakini tumekubaliana tuwaambie pia habari ya pili, maana hiyo ndiyo iliyotufundisha zaidi.

Baada ya Simba kupona, jina letu lilienea. Tukawa madaktari, jamani! Siku moja mama mmoja akatupigia simu. Alikuwa na mtoto wa mbwa, miezi mitatu, aliyepewa na dada yake. Alisema, "Ametapika povu asubuhi, na hataki kula." Nasi bila kwenda kumwona, bila kuuliza swali la pili, tukamjibu, "Mpe chakula kidogo usiku, ni nyongo tu."

Jioni ile mtoto wa mbwa akaanza kuharisha damu yenye harufu mbaya sana. Kesho yake hakuweza kusimama. Siku ya tatu alikufa. Na katika nyumba ya dada yake, ndugu wawili wa mbwa huyo nao wakafa wiki hiyo hiyo. Mama yule hakutulaumu. Lakini watoto wake walilia, na sisi tulijua kwamba neno tulilolisema kwa haraka lilimpotezea siku nzima ambayo angeweza kumtafuta daktari.

Dalili zile zilikuwa za ugonjwa unaoitwa parvo, na mtu aliyesomea angetilia shaka tangu aliposikia "miezi mitatu" na "hataki kula". Ni ugonjwa wa virusi ambao ulianza kujulikana duniani mwishoni mwa miaka ya 1970. Hushambulia hasa mbwa wadogo kuanzia wiki 6 mpaka miezi 6. Hauambukizi watu, lakini virusi vyake vinaweza kuishi katika udongo na sakafu kwa miezi mingi, hata mwaka. Hakuna dawa ya kuviua ndani ya mwili. Daktari humsaidia mbwa kwa kumtilia maji mishipani na kuzuia kutapika, na akiwahiwa wengi hupona. Asipotibiwa, wengi hufa ndani ya siku chache.

Kinga ipo. Ni chanjo, kuanzia wiki ya 6 au ya 8, na kurudiwa kila baada ya wiki 2 mpaka 4 hadi mbwa afikishe wiki 16. Sindano moja haitoshi. Na pale mbwa mgonjwa alipolala, ondoeni uchafu kwanza, osheni kwa sabuni, kisha mwagieni maji yenye dawa ya madoa kama Jik, kipimo 1 kwa maji vipimo 30, iache kwa dakika 10 kabla ya kusuuza. Msilete mtoto mwingine wa mbwa pale upesi-upesi kama hajachanjwa.

Basi tangu siku hiyo tumejiwekea sheria: hatutoi ushauri wa mbwa anayetapika kabla ya kuuliza maswali. Sheria hiyo tunataka muichukue nyumbani.

MASWALI YA KUULIZA KWANZA

1. Ana umri gani? Mtoto wa mbwa anayetapika na kukataa chakula hangojewi mpaka kesho. Anakauka maji haraka kama mtoto mchanga.

2. Ametapika mara ngapi? Mara moja alfajiri kisha akachangamka, tunaweza kutulia na kutazama. Akitapika mara nyingi kwa siku, au kila anywapo maji, aende kwa daktari.

3. Kimetoka nini? Povu la manjano si sawa na damu. Damu inaweza kuwa nyekundu, au nyeusi-nyeusi kama kahawa iliyosagwa. Zote mbili ni hatari.

4. Kinyesi chake kikoje? Kuharisha kidogo siku moja kwa mbwa mkubwa aliye mchangamfu huweza kupita. Kuharisha damu, hapana.

5. Ufizi wake ukoje? Mfungue mdomo, ikiwa ni mbwa mpole na amechanjwa kichaa. Ufizi wenye afya ni wa waridi na una unyevu. Ukiwa mweupe, wa manjano, au mkavu wa kunata, kuna shida. Vuta ngozi ya mabega juu kidogo na uiachie. Isiporudi upesi, amepungukiwa maji.

6. Anajaribu kutapika na hakitoki kitu, huku tumbo linavimba kama ngoma? Hii huwapata hasa mbwa wakubwa wenye kifua kirefu, kama wale wanaotumiwa na polisi. Tumbo limejaa hewa na huenda limejipinda. Hapo ni kukimbia, hata kama ni usiku. Saa chache tu zinatosha kumuua.

7. Amekula nini? Hapa tukae kidogo.

VITU VINAVYOHARIBU TUMBO LA MBWA NYUMBANI KWETU

Wakati wa mavuno, gunzi la mahindi ni adui mkubwa. Mbwa hupenda lile lililochomwa kwa sababu lina ladha, akalimeza kipande kizima. Gunzi halisagiki. Linakwama utumboni, mbwa anatapika siku hata siku, na mara nyingi ni upasuaji peke yake utakaomwokoa. Kokwa la avokado nalo hivyo hivyo. Mifupa iliyopikwa, hasa ya kuku, hupasuka kama vigae na kuchoma koo na matumbo.

La pili ni mahindi yenye ukungu. Ni mara ngapi tumesikia, "Haya yameharibika, wapikieni mbwa"? Ndugu zangu, sumu ya ukungu ule, ambayo wataalamu huiita aflatoksini, ndiyo ile iliyoua watu 125 hasa huko Makueni na Kitui mwaka 2004. Kuchemsha hakuiondoi. Mbwa huathiriwa nayo vibaya sana: ini linaharibika, anakataa chakula, anatapika, macho na ufizi vinageuka manjano, na mara nyingi anakufa. Mahindi usiyoweza kumpa mtoto wako usimpe mbwa, wala ng'ombe, maana sumu hiyo hupitia katika maziwa ikarudi mezani kwako.

La tatu ni matumbo, maini na mapafu mabichi kutoka machinjioni. Yakiwa na malengelenge ya maji, mbwa akiyala hupata tegu wadogo sana. Yeye mwenyewe pengine haonekani mgonjwa, lakini mayai ya tegu hao hutoka katika kinyesi chake, na mtu akiyameza kwa mikono michafu huota uvimbe mkubwa wa maji ndani ya ini au mapafu. Ndugu zetu wa Turkana wameujua ugonjwa huu kwa miaka mingi. Nyama zenye malengelenge zichomwe au zifukiwe shimo refu, na nyama nyingine za mbwa zipikwe ziive.

La nne ni minyoo ya kawaida. Watoto wa mbwa huambukizwa na mama yao hata kabla ya kuzaliwa. Utawaona wana matumbo makubwa, manyoya yamesimama, na wakati mwingine wanatapika minyoo mirefu kama tambi. Wapewe dawa ya minyoo kuanzia wiki ya 2, kila wiki 2 mpaka wafikishe miezi miwili, kisha kila mwezi mpaka miezi sita, halafu kila miezi mitatu. Mpimeni uzito kwanza, maana dawa hupimwa kwa kilo. Minyoo hii huweza kuwaingia watoto wetu pia, kwa hiyo wafundisheni kunawa mikono wakishacheza na mbwa.

La tano ni sumu za kweli. Hatukatai kwamba zipo. Nyingi ni zetu wenyewe: dawa ya kupe iliyoachwa ndani ya ndoo, dawa ya panya, dawa ya kunyunyizia kahawa na mboga. Mbwa aliyekula dawa za kunyunyizia hutokwa na udenda, hutapika, huharisha, hutetemeka misuli na kuanguka. Haamki asubuhi akatapika povu kisha akatikisa mkia. Dawa nyingi za panya hutoa damu puani, ufizini au kwenye kinyesi siku kadhaa baadaye. Mkishuku sumu, msimpe chumvi, sabuni wala mafuta ya taa ili atapike, na maziwa si dawa ya sumu. Chukueni chupa au karatasi ya dawa ile, mwende nayo kwa daktari wa mifugo mara moja.

TUMBO LILILOCHAFUKA TU

Kuna siku mbwa mkubwa amekula takataka, akatapika mara moja au akaharisha kidogo, lakini bado ni mchangamfu. Huyo tunaweza kumtunza nyumbani. Mpumzishe na chakula kwa saa 6 mpaka 12, si zaidi. Maji asinyimwe, apewe kidogo kidogo mara nyingi, maana akinywa bakuli zima kwa mara moja atayatapika yote. Kisha apewe wali uliopikwa mpaka ukalainika, mafungu mawili, pamoja na fungu moja la nyama ya kuku iliyochemshwa, bila ngozi, mifupa, chumvi wala mafuta. Apewe kidogo mara nne kwa siku, kwa siku 2 au 3, halafu arudishwe polepole kwenye chakula chake.

Lakini angalieni: kumnyima chakula si kwa mtoto wa mbwa, na si kwa mbwa wa nyongo kama Simba. Huyo tayari ni mgonjwa wa njaa. Ukimfungisha unamzidishia.

Wengi wanatuuliza habari ya majani. Mbwa akila nyasi si lazima awe mgonjwa. Wengi hula wakiwa wazima kabisa. Hofu yetu ni nyasi zilizopuliziwa dawa.

Na tafadhali, msimpe dawa za watu. Brufen huweza kutoboa tumbo la mbwa na kuharibu mafigo. Panadol huharibu ini na damu. Aspirini nayo inachoma tumbo lililokwisha kuwaka.

Mkishagawa chakula kama tulivyosema, na baada ya wiki moja au mbili povu bado linaendelea, au mbwa anakonda, usiseme "ni nyongo tu". Kuna magonjwa ya tumbo, ini, mafigo na kongosho yanayojificha nyuma ya dalili hiyo hiyo. Andikeni katika daftari saa aliyokula, saa aliyotapika na rangi yake. Daktari akiliona daftari hilo atawashukuru, na huenda likawapunguzia gharama.

NENO LA HATARI: KICHAA CHA MBWA

Hatuwezi kuzungumza juu ya povu bila kulitaja hili. Mbwa mwenye kichaa hudondokwa na mate kwa sababu koo limepooza na hawezi kumeza. Watu hudhani amekwamwa na mfupa au anataka kutapika, wakatia mkono mdomoni. Msifanye hivyo hata kidogo! Mbwa anayetokwa na mate, sauti imebadilika, tabia imegeuka, taya linaning'inia, mwacheni mbali, zuieni watoto, na mwite ofisa wa mifugo.

Mtu akiumwa au mate yakiingia kwenye kidonda, oshe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitalini siku hiyo hiyo akachomwe chanjo. Dalili zikishaanza kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Nchi yetu ilianza mpango wa kuutokomeza ugonjwa huu mwaka 2014, ikilenga mwaka 2030, na unategemea kuchanja angalau mbwa 70 katika kila 100. Mbwa wako ni mmoja wa hao. Achanjwe akifika miezi mitatu, na kila mwaka baada ya hapo.

MWISHO

Tuliwaahidi ukweli, basi tumalizie ile habari ya nyumba mbili. Wiki ya tatu tangu Simba aache kutapika, mzee alikaa akafikiri. Kama mbwa amepona kwa kupewa ugali wa saa nne usiku, basi ile sumu ilikuwa wapi? Sisi sote tulikariri Amri Kumi tangu utotoni, na tunajua ile inayotukataza kumsingizia jirani. Lakini ni rahisi kudhani kwamba inahusu mahakamani tu.

Mzee hakutungoja sisi. Jioni moja alikata mkungu wa ndizi, akavuka ua, akabisha hodi. Hatukuwepo, kwa hiyo hatujui walisemezana nini. Tunalojua ni kwamba Alhamisi iliyofuata ushirika ulikutana nyumbani kwa jirani yule, na ndizi zikaliwa zimepikwa. Simba alilala mlangoni, na hapana aliyemfukuza.

Tunaomba mwende nyumbani na mambo matatu. Mbwa wako apewe chakula usiku. Mtoto wa mbwa anayetapika apelekwe kwa daktari leo, si kesho. Na kabla hujasema "ni fulani", uliza kwanza, "Mbwa wangu alikula saa ngapi?"

Mungu awabariki, ninyi na wote mlio nao nyumbani, wenye miguu miwili na wenye miguu minne.